Kiti Hakiingii Kitupu

Nyumbani,
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua kilichokutesa wakati wa baridi kiwe kimekuachia upumue. Mwambie shemeji kwamba lile gauni alilonipa bado nalivaa, ingawa siku hizi linanibana kiunoni, na kosa si la gauni. Wale watoto nao waambie shangazi yao anawasalimu, na yule mdogo aache kula chaki. Ukituuliza sisi, tunaendelea. Mama anakula, anacheka, anagombana na redio kama kawaida yake. Miguu ndiyo ile ile. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umenikaa vibaya, na ndiyo maana leo naandika kwa mkono wakati simu ninayo na salio ninalo. Nakujua hasira zako. Kwa simu ungenikatia kabla sijafika popote. Karatasi utaikunja, pengine utaitupa pale chini ya meza, lakini baadaye utainama uiokote.

Unajua nataka kusema nini, au unadhani unajua. Ni habari ya Mama na kiti cha magurudumu. Tangu ulipomwambia kwamba hutampigia tena mpaka aache ujinga wa kuogopa kiti, kweli hujapiga. Wewe mpima ardhi, ukishaweka mpaka umeweka. Mama hajalalamika hata mara moja, lakini simu yake anaiweka chini ya mto, upande wa sikio. Na yeye, tangu miguu ilipokataa kabisa, dunia yake imekuwa chumba kile kimoja: kitanda, beseni, dirisha linalotazama ukuta wa jirani na kipande kidogo cha njia. Watu wakipita anawaona kuanzia kifuani kwenda juu. Anawatambua kwa kofia na vilemba.

Nina jambo la kukueleza, nalo ni la aibu, na kwa kuwa ni la aibu ngoja nianzie mbali kidogo. Unajua nilivyo, jina la Chiriku hukunipa bure.

Nianzie dukani. Wewe hujawahi kufika dukani kwetu, nakuambia tu kwa mdomo kwamba nauza vifaa vya wagonjwa. Ni duka jembamba, refu. Magongo yako ukutani upande wa kulia, yamepangwa kwa urefu. Fremu za kutembelea ziko katikati. Viti vya magurudumu viko nyuma, vimekunjwa, vimeegemezana. Mezani pangu kuna futi ya kupimia, kitabu cha risiti na feni ambayo ikipiga mbele haipigi nyuma. Siku ya kwanza ya kazi nilimuuzia mama mmoja jozi ya magongo, nikamfungia vizuri, nikamsindikiza mpaka mlangoni, na kwa adabu zote tulizofundishwa nikamwambia karibu tena. Kaka, yule mama alinigeukia! Aliniuliza kama namwombea avunjike na mguu wa pili. Aliyarudisha magongo juu ya meza, akataka pesa zake, akaondoka akichechemea, anashikilia ukuta. Tajiri wangu alitoka ofisini tumbo likiwa limetangulia, akaniambia kwa upole kwamba katika duka hili neno hilo halitamkwi. Hapa mteja anaambiwa ugua pole, au haambiwi kitu. Tunafanya biashara na watu ambao heri yao ni kutotuona tena.

Basi nikaanza kusoma vitabu vya miiko vya wateja wangu, maana kila mmoja ana chake. Kuna wasiokubali chenji, wanasema ukirudishiwa pesa na ugonjwa unarudi; hao tajiri anawapenda sana. Kuna wasiogusa kiti cheusi, wanataka cha buluu, na cheusi ndicho imara zaidi. Kuna wanaokataa mgonjwa wao apimwe kiuno kwa futi, wanasema unampima kama unampimia jeneza, basi wananunua kwa macho, kiti kinakuwa chembamba, mgonjwa anabanwa mapaja mpaka anatoka vidonda, na bado wanasema afadhali. Na vile viti vilivyokwisha kutumika, vya bei nafuu, mteja hakagui tairi wala breki. Anauliza swali moja tu: mwenyewe yuko wapi? Ukisema amekufa, huuzi. Ukisema hujui, huuzi. Mimi nilikuwa nasema alipona, akakirudisha mwenyewe kwa miguu yake. Vile viti vilitembea kama maandazi ya moto. Nilikuwa nacheka sana wakati ule. Jioni nikirudi nilimwigizia Mama wateja wangu mmoja mmoja, na Mama alikuwa akicheka mpaka anakohoa, akiniambia nisimcheke mtu anayeogopa, maana woga hauna mwenyewe.

Siku moja akaja mwanamke kununua kiti cha mumewe. Alishalipa. Kiti kimekunjuliwa, kiko mlangoni, gari linamsubiri, na yeye amesimama kama aliyepigiliwa misumari. Nilipomuuliza, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao wanasema kiti cha mgonjwa kikiingia ndani ya nyumba kinaweza kumpenda mtu mwingine. Alikuwa na mabinti wawili. Aliniuliza, mwenzangu unayeishi na vitu hivi, hakuna namna?

Sasa sikiliza balaa. Nyuma yangu palikuwa na rundo la mito ya kukalia ambayo tajiri aliiagiza kupita kiasi, haikuwa inanunuliwa na mtu, na kila asubuhi alikuwa akiitazama kisha ananitazama mimi. Mdomo wangu ukaniponyoka. Nilimwambia wazee wanasema kiti hakiingii kitupu. Anunue mto, auweke juu, mto ukae kwanza, kwa sababu kiti kikishapata wa kukikalia hakitafuti mwingine. Wazee gani, kaka? Wazee hawakuwapo. Nilikuwapo mimi na mito. Yule mwanamke alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa machozi, na akanunua mito miwili, mmoja wa akiba.

Tangu siku hiyo hakuna kiti kilichotoka bila mto. Mito ikaisha, ikaagizwa mingine. Tajiri alicheka mpaka akavua miwani, akanihamishia kwenye meza ya mbele, akaniletea msichana mgeni nimfundishe kazi, na kitu cha kwanza nilichomfundisha ni wazee wanasema. Haikupita muda akaja mteja kutoka mbali huko, mtu mzima mwenye mvi, akataka kiti na mto, na nilipochelewa kuuleta mto akanikemea. Aliniambia muuzaji mzima sijui kwamba kiti hakiingii kitupu, mbona ni jambo la tangu enzi za mababu. Nilimwitikia ndiyo mzee, ahsante kwa kunielimisha. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu. Ningejua, ningelia mapema.

Maana ndipo akaja yule dereva wa lori. Alikuja kumnunulia baba yake kiti kabla ya kupasuliwa nyonga, kijana mwenye mabega, mcheshi, akanitania tangu anaingia. Nikamwimbia wimbo wangu wa mto. Akacheka, akasema kiti hakina macho, kitamwonaje mtu? Akakibeba begani kitupu, akaondoka nacho anapiga mluzi. Mvua zilipoanza akarudi dukani, kaka. Alirudi amekikalia. Lori lilimlalia miguu, na baba yake ndiye aliyekuwa akimsukuma, kwa miguu yake, amepona. Walitaka tupanue sehemu ya kuwekea mikono, kwa sababu mabega yalikuwa hayatoshi. Hakunitania siku hiyo. Aliniuliza kwa utulivu tu kama ule mto bado upo.

Nilimpa bure, nikakaa chini. Nilijiambia kuwa ni ajali, kwamba barabara ile inaangusha malori kila wiki na wengi wao hawana kiti chochote nyumbani. Nilijiambia kwamba ile kanuni niliitunga mwenyewe, mchana, nikiwa nataka kumaliza mito. Akili ilikubali. Mwili haukukubali. Kuanzia siku ile, nikipita nyuma ya duka kwenye viti, napita upande upande, magoti yangu nayaweka mbali navyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia na ndoo yangu mkononi.

Sasa kaka, kaa. Kama umesimama, tafuta pa kukaa.

Mama hakukataa kiti. Hajawahi kukataa. Yote niliyokueleza, kwamba Mama anasema kiti ni mkosi, kwamba Mama analia nikikitaja, kwamba Mama kaapa hakitavuka kizingiti chake angali hai, niliyatunga mimi, kama nilivyotunga mengine. Mama ndiye aliyekiomba. Alikiomba mvua zile zile za yule dereva, tena kwa furaha, aliniambia sasa ana bahati ya kuwa na mtoto anayekaa juu ya ghala la viti. Wewe umesahau Mama ni nani. Amefua mashuka ya hospitali mpaka anastaafu, na viti hivyo amevisukuma korido hadi korido vimejaa mashuka machafu, alikuwa akivikalia wakati wa chai. Hana habari na mkosi. Alinionyesha mikono yake, ile mikono ya dobi ambayo mpaka leo ikikukamulia nguo inatoka karibu imekauka, akasema apewe magurudumu tu, sitamsukuma hata hatua moja, atajisukuma mwenyewe mpaka sokoni na kurudi.

Nilimwambia viti vimeisha, tunasubiri mzigo. Kisha nikamwambia mzigo umefika ila vyote ni vya watoto. Kisha nikamwambia vimekuja vyeusi tu, na Mama akasema hata cheusi, atavaa nguo za kung'aa. Nikamwambia basi tajiri hakopeshi. Wakati huo tajiri alikwisha kuniambia nichague chochote nimpelekee mama yangu, zawadi ya ile mito. Niliahirisha, leo kesho, leo kesho. Nawe ulipoanza kuuliza kwa nini Mama hatoki, muuzaji wa viti nipo, nikakurushia lile ambalo nilijua utaliamini haraka. Nilijua unavyochukia mambo ya imani za namna hiyo. Nilikuuzia, kaka. Nilikupima kwa macho nikakuuzia, na wewe ukanunua bila kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Halafu akafa yule mwenzake Mama wa kufulia, yule mnene tuliyekuwa tukimwita Mama Povu. Wamefua pamoja tangu sisi tunatambaa. Msiba ulikuwa nyuma ya ile nyumba ya fundi baiskeli, ukipiga kelele kutoka kwetu wanakusikia. Mama aliniomba kiti cha kuazima, cha siku moja, hata kilichovunjika, hata cha kulipia. Nilimwambia havipo. Nilimtazama machoni nikamwambia havipo, na asubuhi ile ile nilikuwa nimehesabu vya kwenye mzigo mpya. Nilijitolea kumbeba mgongoni, akakataa, akasema hawezi kwenda kumzika mwenzake amebebwa kama mtoto aliyelala. Basi akavaa kilemba chake cha kutokea, akakaa kitandani upande wa dirisha, na walipokuwa wanatoa mwili alisikiliza wimbo mpaka ukapotea njiani. Alikuwa anaimba sehemu ya pili, ile ya sauti ya chini. Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Wiki iliyofuata ndiyo ukapiga ile simu. Mama aliweka sauti ya juu kwa sababu sikio moja halimsikilizi siku hizi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nakata kucha za miguu yake. Kwa hiyo niliyasikia yote, kaka, uliyomwambia. Ulimwambia anakuaibisha. Ulimwambia mwanamke aliyefanya kazi hospitali miaka yote ile kuogopa chuma na tairi ni kituko. Ulimwambia ananitesa mimi, anamvunja binti yake mgongo kwa kumbeba kwa sababu ya ushirikina wake. Ulisema humpigii tena. Mkasi ulinisimama mkononi. Nilisubiri aseme. Neno moja tu lingetosha, na mimi nipo pale pale miguuni pake, nimeshika kidole chake. Mama alinitazama juu ya kichwa, akakujibu, sawa mwanangu, nimekusikia. Ulipokata, aliniambia nimalizie mguu wa pili.

Nilimaliza mguu wa pili. Ningetamani kukuandikia kwamba nilianguka nikaomba msamaha hapo hapo. Nilimaliza, nikafagia kucha, nikaenda kazini, nikauza.

Utaniuliza nilikuwa naogopa nini. Nimejiuliza pia, na kwa muda mrefu nilijipa jibu zuri, la mtoto mwema: naogopa kiti kikiingia Mama atakata tamaa, hatasimama tena. Uongo. Daktari alikwisha kutuambia wote kwamba miguu ile haisimami tena, ulikuwapo. Mama hana miguu ya kuchukuliwa na kiti. Katika nyumba ile mwenye miguu ni mmoja tu. Niliogopa miguu yangu, kaka. Nilimfungia mama yangu chumbani kwa ajili ya magoti yangu mawili.

Na utasema, basi si ungeweka mto wako? Hapo ndipo nitakapokufanya ucheke kama bado una hamu. Nilishindwa kuweka mto kwa sababu mto nilijua ni uongo. Mto niliutunga mimi! Maradhi niliyaamini, dawa sikuiamini, kwa kuwa nilimjua aliyeitengeneza. Mganga hajigangi, wanasema, na sasa najua kwa nini.

Aliyenitoa huko ni jirani yetu, yule mshonaji wa mlango wa pili. Alikuja kunirudishia pasi, akanikuta nakuandikia wewe ujumbe kwamba Mama bado mkaidi. Hakuuona ujumbe, aliniambia tu kwamba jana amemkuta Mama sakafuni. Hakuanguka. Alishuka mwenyewe kitandani akajivuta kwa mikono mpaka kwenye mlango wa mbele, aone mvua. Jirani alitaka kuja kuniambia siku ile ile, Mama akamkataza, akasema Chiriku ana mambo mengi kichwani, asiongezewe.

Nilifuta ujumbe. Niliingia kwa Mama nikamweleza yote, dereva, mto, maneno niliyokuwa nakuambia. Nilidhani namfungulia siri. Alinisikiliza huku anakunja taulo. Akaniambia alikwisha kujua. Jirani hupita mbele ya duka letu kila asubuhi akienda kununua nyuzi, na viti viko nyuma lakini duka halina pazia. Nilimuuliza kwa nini basi hakukuambia wewe, kwa nini alikubali kuitwa mshirikina na mwanawe wa kwanza, na ile simu aliiweka sikioni kila siku akisubiri nini. Alimaliza taulo kwanza. Kisha alisema mama akiitwa mjinga na mtoto wake anavumilia, mtoto atakuja kupoa. Lakini ninyi wawili ndio mtakaobaki, na yeye hatakuwapo kuwapatanisha. Akasema pia kwamba ni mimi ninayemwogesha, na hataki kuogeshwa na mtu mwenye aibu.

Sijui kama nimeandika vizuri alivyosema. Alisema polepole, bila machozi. Machozi yote yalikuwa upande wangu.

Alhamisi nilimwomba tajiri kile kiti. Nikamwambia sitaki mto. Nilikisukuma kwa miguu kutoka dukani hadi nyumbani, kitupu, barabarani, na watu walikuwa wananipisha kuliko wanavyopisha gari la taka. Nilifika mlangoni nikashindwa. Kizingiti kile unakijua, kidogo tu, kinakwaza hata ufagio, na mimi mtu mzima nilisimama nje nimekamata vishikio, jasho linanitoka. Mama alisikia magurudumu. Aliita kutoka chumbani akauliza ni nini kinacholia. Nikasema ni kiti. Akanituma dukani nikanunue sabuni. Nikamwambia sabuni ipo, nzima, haijafunguliwa. Akasema nikanunue nyingine.

Nikaenda. Hata hapo, kaka, nilikwenda. Niliwaachia Mama mlemavu na jirani, aliyekuwa ametoka mlangoni kwake, wafanye wao jambo nililoliogopa. Niliporudi na sabuni yangu Mama alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti, amejifunga kile kilemba cha kutokea, na mikono imeshika magurudumu kana kwamba ilizaliwa nayo. Hakuniuliza kitu. Aliuliza kama sabuni imepanda bei.

Amekwisha kukwaruza milango yote ya nyumba. Jana alitaka kwenda makaburini, tukaenda, jirani mbele, mimi nyuma sina kazi, maana kweli hasukumwi. Njia ile ina mchanga mwishoni, pale tu ndipo alikubali tumsaidie. Alisimamisha kiti pembeni ya kaburi la Mama Povu, akainama kadiri alivyoweza, akang'oa majani mawili matatu. Halafu akamwomba mwenzake radhi kwa kuchelewa. Alimwambia viti vilikuwa adimu sana mwaka huu, foleni ilikuwa ndefu, ndiyo kwanza zamu yake imefika.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kaka. Hata kwa marehemu hakunitaja.

Kwa hiyo nakuomba. Mimi unitendee utakavyo, uninunie mwaka mzima, usipokee simu zangu, uje unizabe kofi mbele ya jirani, sitakuwa na neno. Ila Mama usimwache asubiri hata siku moja zaidi. Mpigie, umwombe radhi. Barua hii hajui kama naiandika, na akijua atakasirika, maana alinikataza. Sitaki kumlazimisha anifiche tena, basi umpigie saa ambazo mimi niko kazini.

Nimalizie hapa, karatasi imekwisha na mkono unauma. Msalimie shemeji, wabusu watoto. Jirani mshonaji anakusalimu na anauliza lini utakuja na ile suruali yako ya kupunguzwa. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu,

Chiriku